Mshale Unaopotea: Historia ya Usimbaji wa Alama (→) na Athari Zake kwa Maandishi ya Kitaaluma kuhusu Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

1.0 Utangulizi

Katika eneo la Shinyanga na Geita, mshale ni kwanza silaha, kisha ndipo alama ya maandishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji wa Kahama na maeneo jirani waliochoshwa na wizi wa mifugo na ujambazi waliunda vikundi vya ulinzi vilivyokuja kujulikana kwa jina la Sungusungu. Silaha zao kuu zilikuwa upinde na mshale. Vikundi hivyo vilienea Usukumani na Unyamwezini, na sheria ya mwaka 1989 ikavipa nafasi katika mfumo wa ulinzi wa dola. Hata hivyo, Kiswahili cha kila siku kimeupa mshale kazi nyingine pia. Saa ina mishale, na msemaji anayeahidi kufika "mishale ya saa nne" hutaja wakati kwa kuuelekezea tu bila kuufunga. Silaha imekuwa kielekezi.

Makala haya yanahusu kielekezi hicho kinapoingia katika matini ya kidijiti. Swali linaloongoza mjadala ni hili: alama → imepitia historia gani ya usimbaji, na historia hiyo ina athari gani kwa maandishi ya kitaaluma yanayohusu eneo lililotajwa? Hoja kuu ni kwamba mshale unaoonekana kwenye karatasi si lazima uwe mshale katika data. Mara nyingi kinachohifadhiwa ni alama nyingine iliyovikwa umbo la mshale, na umbo hilo likivuliwa, uhusiano uliokuwa kati ya vitu viwili hupotea. Hoja hiyo inapimwa kwa mifano miwili ambayo eneo hili limeichangia taaluma: kanuni ya kifonolojia inayoitwa Kanuni ya Dahl, na mlinganyo wa kikemia wa kuyeyusha dhahabu.

2.0 Mshale kabla ya msimbo

Maandishi ya Ulaya ya zama za kati yalitumia mchoro wa mkono wenye kidole kilichonyooshwa (☞) kumwonyesha msomaji mahali pa kutazama. Mshale kama alama ya mwelekeo ulizoeleka baadaye. Miongoni mwa vitabu vinavyotajwa mara kwa mara katika historia hiyo ni kazi ya Bernard Forest de Bélidor kuhusu uhandisi wa maji, iliyoanza kuchapishwa Ufaransa mwaka 1737, ambamo mishale ilichorwa kuonyesha mwendo wa maji. Tofauti kati ya mkono na mshale si ya umbo pekee. Mkono husema "tazama hapa". Mshale husema "kutoka hapa kwenda kule". Mkono una ncha moja ya maana, ilhali mshale una mbili, na kazi yake ni kuzifunga pamoja.

Ni sifa hiyo ya pili iliyozivutia sayansi. Katika kemia, Jacobus van 't Hoff alitumia mishale miwili inayopishana katika kitabu chake cha mwaka 1884 kuonyesha mabadiliko yanayoweza kurudi nyuma. Katika isimu, Noam Chomsky aliutumia mshale mwaka 1957 kwa maana ya "andika upya kuwa", na mwaka 1968 yeye na Morris Halle wakaufanya kuwa kiungo kikuu cha kanuni za fonolojia. Kutoka hapo mshale uliingia katika ufundishaji wa sarufi ya Kiswahili. Mwanafunzi wa sekondari anayeichanganua sentensi "Wachimbaji wanachenjua dhahabu" kwa njia ya mishale huandika:

S → KN + KT
KN → N
N → Wachimbaji

na kuendelea hivyo hadi sentensi yote iishe. Kwa hiyo Waswahili wengi waliopita shule wameandika alama hii kwa mkono mamia ya mara bila kujiuliza ina namba gani katika kompyuta. Katika zama za taipureta swali hilo halikuwapo. Taipureta ya kawaida haikuwa na kitufe cha mshale, na mwandishi aliacha nafasi kisha akauchora kwa kalamu. Njia hiyo ilikuwa ya taabu, lakini ilikuwa na uaminifu: kilichochorwa kilibaki kama kilivyochorwa.

3.0 Mshale katika msimbo: kutoka 1963 hadi 1991

Kompyuta haihifadhi maumbo ya herufi bali namba, na usimbaji ni makubaliano kuhusu namba ipi iwakilishe alama ipi. Msimbo wa Kimarekani wa ASCII ulipotolewa mwaka 1963 ulikuwa na mishale miwili: wa kuelekea juu na wa kuelekea kushoto. Katika toleo la mwaka 1967 yote miwili iliondolewa. Nafasi ya wa kwanza ilipewa alama ^, na ya wa pili ikapewa mstari wa chini (_), unaoonekana hadi leo katika anwani za barua pepe. Mshale wa kuelekea kulia, ambao ndio unaohitajiwa zaidi na kemia na isimu, haukuwamo katika toleo lolote kati ya hayo mawili.

Pengo hilo lilizaa njia za mkato. Waandishi wa programu waliunganisha kistari na alama ya "kubwa kuliko" wakapata ->, na umbo hilo likawa sehemu rasmi ya lugha za programu kama vile C. Wanahisabati na wanasayansi waliotumia mfumo wa TeX, ulioanzishwa na Donald Knuth mwishoni mwa miaka ya 1970, waliandika amri ya maneno iliyogeuzwa kuwa mshale wakati wa kuchapa. Njia hizi mbili zilifanana katika jambo moja: matini iliyohifadhiwa ilisomeka hata pale ambapo mshale wenyewe haukuweza kuonyeshwa.

Mwaka 1991 toleo la kwanza la Unicode liliupa mshale makazi ya kudumu. Mishale ilitengewa eneo lake kuanzia namba U+2190 hadi U+21FF, lenye nafasi 112. Mshale wa kulia ulipewa U+2192, na alama ya mabadiliko yanayokwenda na kurudi (⇌) ikapewa U+21CC. Mwaka uliofuata Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, namna ya kuziandika namba za Unicode kwa baiti. Katika UTF-8 mshale wa kulia huchukua baiti tatu: E2, 86 na 92. Programu inayozisoma baiti hizo kwa kudhani kwamba ni za msimbo wa zamani wa Windows huonyesha alama tatu badala ya moja: â†’. Kosa hilo hilo huikumba ritifaa ya Kiswahili inapoandikwa kwa umbo lililopinda (U+2019). Neno "ng’ombe" hugeuka "ngâ€™ombe". Kwa mtafiti wa Usukumani, ambako ng' imejaa katika majina ya watu na mahali, hilo si tukio la nadra.

Hata hivyo, kosa la aina hii lina tiba. Baiti zenyewe hazijaharibika. Zimesomwa vibaya tu, na zikisomwa upya kwa msimbo sahihi mshale hurudi. Hasara kubwa zaidi ilitoka kwingine.

4.0 Mshale wa kuazima

Mwaka 1992 mfumo wa Windows 3.1 ulisambazwa ukiwa na fonti iitwayo Wingdings, iliyochora picha ndogo mahali pa herufi. Katika fonti hiyo, namba E0, ambayo katika msimbo wa kawaida wa Windows ni herufi à, ilichorwa kama mshale wa kulia. Baadaye programu ya Microsoft Word ilipewa uwezo wa kusahihisha maandishi yenyewe. Mwandishi akibonyeza vistari viwili na alama ya "kubwa kuliko" (-->), programu huvibadilisha papo hapo kuwa mshale. Mwandishi huridhika, kwa maana anaona alichokitaka. Lakini mshale huo huwa umetolewa katika Wingdings, na pale matini inapohamishiwa mahali pasipotunza fonti, mfano katika ujumbe wa barua pepe wa maandishi matupu au kisanduku cha ikisiri katika hifadhi ya kidijiti, kinachoonekana ni à. Mshale mnene unaotokana na ==> huacha è; wa kushoto unaotokana na <-- huacha ß.

Unicode ilizishughulikia picha za Wingdings katika toleo lake la 7.0 la mwaka 2014 kwa kuzipa namba zile zilizokuwa hazina. Hatua hiyo ilisaidia matini mpya. Haikuweza kuzibadilisha faili ambazo tayari zilikuwa zimehifadhiwa.

Hapa ndipo tofauti kati ya mshale na picha ya mshale inapodhihirika. Msomaji wa karatasi hawezi kuitambua. Injini tafuti huitambua mara moja, kwa sababu anayetafuta → hapati kitu. Msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma skrini kwa sauti, naye anaweza kusomewa herufi ya kigeni mahali palipopaswa kuwa na uhusiano wa chanzo na matokeo.

5.0 Mfano wa kwanza: Kanuni ya Dahl

Edmund Dahl alikuwa mmisionari wa Kimoraviani katika Unyamwezi wakati wa utawala wa Wajerumani, na kamusi yake ya Kinyamwezi ilichapishwa Hamburg mwaka 1915. Kabla ya hapo, mwaka 1903, Carl Meinhof alikuwa ameipa jina la Dahl kanuni ya sauti iliyoonekana wazi katika Kinyamwezi na jirani yake Kisukuma: konsonanti isiyo ghuna hugeuka kuwa ghuna pale silabi inayofuata inapoanza kwa konsonanti isiyo ghuna. Mfano rahisi uko katika namba. Kiswahili kina -tatu. Kisukuma kina -datu. Kwa upande mwingine, -tano ya Kiswahili inalingana na -taano ya Kisukuma bila /t/ kubadilika, kwa kuwa silabi inayofuata huanza na /n/, ambayo ni ghuna. Kanuni hiyo imechunguzwa katika lugha nyingi za Kibantu za Afrika Mashariki, ikiwemo Kikuyu, na jina lililoanzia Unyamwezini limebaki.

Wanaisimu huiandika kanuni hiyo kwa alama mbili tofauti, na kila alama hudai jambo lake. Anayeandika *-tatu > -datu anatoa dai la kihistoria: umbo la kale limekuwa umbo jipya katika kipindi fulani. Anayeandika /t/ → [d] anatoa dai kuhusu sarufi iliyo hai: mzungumzaji wa leo ana sauti moja akilini na hutamka nyingine katika mazingira maalumu. Dai la kwanza linaweza kuwa kweli huku la pili likiwa si kweli, kwa maana lugha inaweza kuhifadhi matokeo ya kanuni ambayo yenyewe imekwisha kufa. Mtafiti anayeandika > mahali pa → kwa sababu tu kibodi yake haina mshale amebadilisha hoja yake, hata kama hakukusudia.

Hatari huwa kubwa zaidi mshale wa Wingdings unapohusika. Kisukuma ni lugha yenye toni. Irving Richardson aliichambua toni hiyo katika kazi yake ya mwaka 1959, na Herman Batibo aliichunguza fonolojia na mofolojia ya lugha hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1985. Katika mapokeo ya isimu ya Kibantu, alama à huwakilisha irabu /a/ yenye toni chini. Basi kanuni iliyoandikwa t → d ikipoteza fonti yake husomeka "t à d", na msomaji anaweza kudhani kwamba ameletewa mfuatano wa sauti wenye irabu ya toni chini katikati. Kosa limevaa vazi la data halali.

Aidha, kosa hilo halirekebishiki kwa mashine. Katika matini ya Kiswahili pekee, mhifadhi angeweza kuiagiza programu ibadilishe kila à kuwa →, kwa kuwa herufi hiyo haimo katika alfabeti ya Kiswahili. Katika tasnifu inayohusu Kisukuma, agizo hilo hilo lingefuta toni chini katika kila mfano uliokusanywa kutoka kwa wazungumzaji. Pasipo faili ya asili au mwandishi mwenyewe, hakuna njia ya uhakika ya kutenganisha à iliyosikika kijijini na à iliyozalishwa na programu.

Ugumu mwingine unahusu mishale inayowakilisha sauti yenyewe. Alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa hutumia ↓ kwa mshuko wa toni, na ↗ na ↘ kwa kiimbo kinachopanda na kinachoshuka. Baadhi ya alama hizo, zikiwemo ↗ na ↘, simu nyingi huzionyesha kama vijipicha vya rangi. Unicode imeweka namba ya ziada, U+FE0E, ya kuiagiza programu ionyeshe alama kama maandishi, lakini ni lazima mwandishi ajue kwamba ipo.

6.0 Mfano wa pili: mlinganyo wa dhahabu

Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu wilayani Kahama mwaka 2001. Sayansi ya sianidi ilitangulia yote hiyo. Mwaka 1846 mkemia Mjerumani L. Elsner alieleza nafasi ya oksijeni katika kuyeyuka kwa dhahabu ndani ya sianidi, na mwaka 1887 John Stewart MacArthur na wenzake wa Glasgow wakaipata hataza ya njia ya kiviwanda. Mlinganyo wake huandikwa hivi:

4Au + 8NaCN + O₂ + 2H₂O → 4Na[Au(CN)₂] + 4NaOH

Upande wa kushoto wa mshale, dhahabu ni chembe ndani ya mwamba uliosagwa. Upande wa kulia, imo ndani ya maji, tayari kunaswa na kaboni. Kazi yote ya uchenjuaji imekaa katika alama moja. Njia hii haiko tena katika migodi mikubwa pekee. Marudio yanayobaki baada ya wachimbaji wadogo kutumia zebaki hununuliwa na kuchenjuliwa upya kwa sianidi katika mitambo midogo ya ukanda huo. Kwa hiyo maelezo ya Kiswahili kuhusu kemia hii yana wasomaji ambao maisha yao yamo ndani yake.

Mlinganyo ulio muhimu zaidi kwa usalama ni mfupi:

HCN ⇌ H⁺ + CN⁻

Mishale miwili inasema kwamba sianidi iliyo majini na gesi yenye sumu kali hugeukiana, na kwamba hali ya maji ndiyo inayoamua. Maji yakiwa na asidi, mabadiliko huegemea kushoto na gesi huzalishwa. Ndiyo maana chokaa huongezwa ili kipimo cha pH kibaki juu ya 10. Alama ⇌ ikibadilishwa kuwa → na mwandishi asiyeipata katika kibodi, mlinganyo unasema kwamba safari ni ya kwenda tu, na sababu ya kuweka chokaa haionekani tena. Alama ikigeuka kuwa kisanduku kitupu kwa kukosa fonti, mlinganyo hausemi lolote. Kati ya makosa hayo mawili, la kwanza ni baya zaidi, kwa sababu kisanduku kitupu humtahadharisha msomaji, ilhali mshale usio sahihi humtuliza.

7.0 Mshale katika simu ya mkononi

Tasnifu husomwa na wachache. Ujumbe mfupi wa simu husomwa na wengi. Viwango vya GSM viliupa ujumbe huo baiti 140, ambazo zinatosha alama 160 za alfabeti ya msingi. Alfabeti hiyo haina mshale. Mwandishi akiweka → mara moja tu, ujumbe mzima husimbwa kwa namna nyingine yenye baiti mbili kwa kila alama, na nafasi hupungua hadi alama 70. Ritifaa iliyopinda katika "ng’ombe" huleta matokeo hayo hayo; ritifaa iliyonyooka (') haileti. Kwa taasisi inayotuma maelekezo ya usalama au ya kilimo kwa maelfu ya watu, alama moja inaweza kuongeza idadi ya ujumbe unaolipiwa.

Kwa ajabu fulani, alfabeti ya msingi ya GSM ina herufi à. Hivyo mshale halisi huongeza gharama, na kivuli chake kilichoachwa na Wingdings hupita bila kuzuiwa. Njia ya zamani ya ->, iliyozaliwa na umaskini wa ASCII, ndiyo inayofika salama.

8.0 Mjadala na hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba mshale haukupotea kwa sababu teknolojia ilikosa namba ya kuupa. Namba ipo tangu 1991. Ulipotea kwa sababu umbo na namba vilitenganishwa, na watumiaji walizoea kuamini umbo. Kwa lugha zenye matini nyingi za kidijiti, hasara ya namna hiyo huzibwa na wingi wa nakala. Kwa Kisukuma na Kinyamwezi, na kwa kiwango fulani Kiswahili cha kisayansi, tasnifu moja inaweza kuwa chanzo pekee cha mfano fulani, na mfano ukiharibika hakuna mwingine wa kuulinganisha nao.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, mwandishi ana wajibu wa kuingiza mshale wenyewe: katika Word ya Windows, kuandika 2192 kisha kubonyeza Alt na X kunatosha, na usahihishaji wa papo hapo unaweza kuzimwa. Pili, mtahini anaweza kuupima ukweli wa mshale kwa kunakili aya moja na kuibandika katika programu ya maandishi matupu. Kinachosalia ndicho kilichohifadhiwa. Tatu, hifadhi za vyuo zinaweza kudai faili ambazo kila alama yake ina namba ya Unicode, kama kiwango cha PDF/A-2u kinavyotaka, na kutunza faili ya asili kando yake.

Mwanasungusungu alijua kwamba mshale una sehemu tatu, yaani unyoya, uti na ncha, na kwamba ukikosa mojawapo hauendi ulikoelekezwa. Mshale wa matini nao una tatu: kinachotoka, kinachofikiwa, na namba inayoviunganisha. Sehemu hii ya tatu haionekani kwenye karatasi, na ndiyo maana haina budi kukaguliwa kabla tasnifu haijapokelewa.